KANSA NI BREKI ILIYOONDOLEWA

(Hotuba iliyosomwa na fundi mkaguzi wa mabehewa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi. Imepigwa chapa hapa kwa ombi la wanachama waliokuwa zamu siku ile.)



Katibu aliponiomba nitoe hotuba baada ya shughuli za mkutano, nadhani alitazamia nitasema habari za posho ya usiku au za viatu vya kazi. Hayo tutayasema siku nyingine, na hayatasahauliwa. Leo nataka kusema juu ya ugonjwa wa kansa.

Mimi si daktari. Nilisoma shule ya misheni mpaka darasa la nane, na tangu hapo walimu wangu wamekuwa nyundo, taa na spana. Lakini kwa muda wa miaka miwili nimewauliza wauguzi na madaktari, nimesoma vitabu na makaratasi, na jambo nisilolifahamu nimelirudia mpaka nikalifahamu. Kwa hiyo sitawaambieni porojo.

Sababu ya kuchagua habari hii ni daftari ya michango ya mazishi ya tawi letu. Kila mmoja wetu ametia shilingi zake humo. Mkiifungua mtaona kwamba tunazika wake zetu, mama zetu na dada zetu kabla ya wakati wao. Jina moja katika daftari ile ni la dada yangu mkubwa, aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mtoto.

Dada alianza kutokwa na damu wakati usiokuwa wa kutokwa na damu. Aliona haya, akanyamaza miezi mingi. Hatimaye akaenda kutibiwa. Hapo alipokwenda alipewa vidonge akarudishwa nyumbani, naye hakupimwa. Akarudi tena, akapewa vidonge vingine. Siku alipopimwa kweli kweli, kansa ya shingo ya kizazi ilikuwa imekwisha kuenea. Majirani wengine walisema amelogwa. Wengine walisema ni malipo ya mwenendo mbaya, na dada alikuwa mke wa mume mmoja. Tulimzika na maneno hayo yakisemwa nyuma ya nyumba.

Baada ya matanga nilimwuliza muuguzi mmoja, "Kansa ni kitu gani hasa?" Akanijibu, "Ni seli za mwili zinazoongezeka bila kusimama." Basi mimi, ambaye kazi yangu ni kukagua breki, nikamwuliza swali ambalo kila mtu wa reli angeliuliza: "Kwani breki yake iko wapi?" Akacheka, kisha akaniambia kwamba hilo ndilo swali ambalo wataalamu wa dunia nzima wamelifanyia kazi kwa miaka mingi. Jibu lake ndilo hotuba yangu.

BREKI IKO WAPI

Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe hai ndogo ndogo ziitwazo seli. Zinakadiriwa kuwa trilioni 30 hivi. Seli nyingi huchakaa, na nyingine hugawanyika mbili ili kushika nafasi zao. Mtu akijikata na bati, seli za ngozi hugawanyika mpaka kidonda kifunge, kisha huacha. Kuacha huko ndiko breki.

Sasa tunasikia neno protini. Sisi tunalijua neno hilo kwa habari ya maharagwe, nyama na mayai. Lakini kila seli nayo hujitengenezea protini zake, aina maelfu kwa maelfu, kila moja na kazi yake. Nyingine ni kama nguzo, nyingine ni kama mafundi, nyingine hupeleka habari. Maandishi ya kuzitengeneza yamo ndani ya seli, nayo huitwa jeni. Binadamu ana jeni 20,000 hivi za kutengeneza protini.

Shikeni jambo moja hapa, maana ndilo shina la maneno yangu yote. Haitoshi protini itengenezwe vizuri. Lazima pia iwepo kwa kiasi chake na kwa wakati wake. Treni ikiwa na breki zinazoshika wakati wote, haiondoki stesheni. Ikiwa na breki zisizoshika kabisa, itaua watu. Seli nayo ni hivyo hivyo: baadhi ya protini huisukuma igawanyike, nyingine huizuia, na uzima wetu uko katika kupimwa kwa hizo mbili.

GADI ANAYEITWA p53

Mwaka 1979 wataalamu katika nchi kadhaa, miongoni mwao David Lane wa Uingereza na Arnold Levine wa Marekani, waliandika habari za protini moja mpya. Ikaitwa p53, kwa sababu ya uzito wake kama walivyoupima. Kwa muda wa miaka kumi hivi walidhani kwamba protini hii ndiyo inayosukuma kansa, kwa sababu waliikuta kwa wingi ndani ya seli za kansa. Kumbe walikuwa wakiitazama iliyoharibika. Mwaka 1989 ilithibitishwa kwamba p53 iliyo nzima ni breki. Basi wakubwa wa elimu nao walikosea kwa miaka kumi, kisha wakakubali na kusahihisha. Hilo nalo ni funzo kwetu.

Kazi ya p53 ni kama ya gadi ambaye wazee wetu wa reli wanamkumbuka, yule aliyekaa katika behewa la mwisho na breki yake mkononi. Maandishi ya jeni yakiharibika, kwa moshi, kwa jua kali, kwa sumu au kwa bahati mbaya tu, p53 huwasha jeni nyingine za kuisimamisha seli isigawanyike mpaka itengenezwe. Ikiwa haitengenezeki, p53 huiamuru ife. Ndiyo, seli hujiua kwa faida ya mwili mzima. Kila siku seli zetu nyingi hufa hivyo wala hatuna habari.

Mkitaka kujua ubora wa gadi huyu, mtazameni tembo. Ninyi mnaofanya kazi njia ya Tsavo mnamwona kila wiki. Tembo ana seli nyingi sana kuliko sisi, tena huishi miaka mingi, na kwa hesabu ya kawaida angepaswa kupata kansa mara nyingi sana. Lakini ni nadra kufa kwa kansa. Mwaka 2015 wataalamu walieleza kwamba tembo ana nakala 20 za jeni la p53, na binadamu ana moja tu. Wataalamu wanaona kwamba hiyo ni sababu mojawapo ya nguvu yake.

CHAKI YA KUVUNJIA

Sasa nitawaeleza jambo lililonishangaza kuliko yote.

Mnajua kazi yangu. Natembea kando ya treni na nyundo, nagonga gurudumu, nasikiliza. Behewa lililochakaa kabisa hutiwa alama ya chaki, nalo hukokotwa mpaka mahali pa kuvunjia vyuma kuukuu. Anayekokota haulizi swali. Akiona chaki, anakokota.

Seli nayo ina chaki yake. Ni protini ndogo sana iitwayo yubikwitini. Protini iliyochakaa au isiyotakiwa tena hubandikwa vipande vya yubikwitini mfululizo. Kisha hupelekwa katika chombo kilicho mfano wa pipa, kiitwacho proteasomu, nayo huvunjwa vipande vipande. Vipande hivyo hutumika tena kutengeneza protini nyingine. Watu watatu waliofumbua jambo hili, Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2004.

Na huyu gadi wetu, p53, hutengenezwa kila wakati na huvunjwa kila wakati. Katika seli iliyo salama haishi muda mrefu, kiasi cha dakika 20 au 30 tu. Protini nyingine iitwayo MDM2 humbandika alama, naye akakokotwa. Mtu atauliza, kwa nini kumtengeneza kisha kumvunja? Si hasara? Sio hasara, ndugu zangu. Fikirini breki za hewa. Treni ikienda salama, hewa ndiyo inayoziachia breki. Siku mpira ukikatika, hewa hutoka na breki hushika zenyewe, bila kungoja dereva. Seli imejengwa kwa akili iyo hiyo. MDM2 ndiyo hewa. Maandishi ya jeni yakivunjika, MDM2 haiwezi tena kumshika p53, alama hazibandikwi, na p53 hujaa ndani ya seli kwa muda mfupi. Breki zinashika.

Nami niliposoma hayo niliweka karatasi chini nikasema, aliyetengeneza chombo hiki alijua kazi.

MWIZI WA CHAKI

Basi breki nzuri namna hii hushindwaje? Njia ziko nyingi. Nitataja mbili.

Njia ya kwanza ni kuharibika kwa maandishi ya p53 yenyewe. Karibu nusu ya kansa zote za binadamu zina jeni la p53 lililoharibika. Gadi yupo, lakini mikono yake imevunjika. Mwaka 1996 wataalamu walionyesha kwamba sumu moja iliyo katika moshi wa sigara hujibandika mahali pale pale katika jeni la p53 ambapo wavuta sigara wenye kansa ya mapafu hukutwa wameharibika. Tena mwaka 1991 ilionekana kwamba katika nchi zenye sumu nyingi ya ukungu wa nafaka, watu wenye kansa ya ini walikuwa na kosa moja lile lile katika jeni hilo, herufi moja imebadilika. Sumu hiyo ni aflatoksini, nayo hukaa katika mahindi na njugu zilizohifadhiwa mbichi. Sisi Wakenya tunaijua. Mwaka 2004 iliua watu 125, hasa katika wilaya za Ukambani, kwa kuwaharibu ini kwa mara moja. Anayeila kidogo kidogo kwa miaka mingi hafi siku hiyo, lakini ini lake lina deni. Kwa hiyo anikeni mahindi mpaka yakauke, na yaliyoota ukungu msiyasage, wala msimpe ng'ombe wala kuku.

Njia ya pili ni ya hila zaidi, na ndiyo iliyomwua dada yangu. Gadi ni mzima, maandishi yake ni mazima, lakini kuna mwizi aliyeiba chaki.

Mwizi huyo ni kirusi kiitwacho HPV. Mwaka 1983 na mwaka 1984 daktari Mjerumani Harald zur Hausen na wenzake waliikuta namba 16 na namba 18 ya kirusi hiki katika kansa ya shingo ya kizazi, ijapokuwa wengi hawakumsadiki hapo kwanza. Mwaka 2008 naye alipewa Tuzo ya Nobel. Namba hizo mbili peke yake huleta kiasi cha asilimia 70 ya kansa hiyo duniani.

Kirusi hakina kiwanda chake. Kinahitaji seli iwe kazini, inagawanyika, ili kipate kujitengeneza ndani yake. Breki ni adui yake. Basi kinatoa protini mbili. Moja inaitwa E7, nayo hushika breki nyingine ya seli iitwayo Rb na kuiondoa. Ya pili inaitwa E6. Hii, kama ilivyogunduliwa mwaka 1990, haimpigi p53 wala haimvunji yenyewe. Humchukua fundi wa seli mwenyewe, yule wa kubandika alama, ikampeleka kwa p53 na kumfanya ambandike alama ya kuvunjwa. Proteasomu ikiona alama, haiulizi swali. Gadi mzima, aliye kazini, anakokotwa kwenda kuvunjwa pamoja na vyuma kuukuu. Seli inaendelea kumtengeneza mwingine, naye anakokotwa. Mpira umekatika na breki hazishiki.

MAMA WA BALTIMORE

Mtu aweza kusema, hayo ni maneno ya vitabuni, nani ameyaona? Nitawapa habari ya mtu.

Katika Marekani alikuwako mwanamke mweusi jina lake Henrietta Lacks. Alilelewa katika mashamba ya tumbaku ya Virginia. Mumewe alikuwa mfanya kazi wa kiwanda cha chuma karibu na Baltimore, mtu wa jasho kama sisi. Mwaka 1951 mama huyo, mwenye watoto watano, alikutwa na kansa ya shingo ya kizazi. Madaktari walikata kipande kidogo cha kansa yake na kukipeleka maabara bila kumwomba ruhusa. Alikufa Oktoba mwaka ule ule, umri wake miaka 31. Lakini seli zake hazikufa. Ziliendelea kugawanyika ndani ya chupa, na mpaka leo zinagawanyika katika maabara za dunia nzima, nazo huitwa HeLa. Watu wengi walipata fedha na sifa kwa seli hizo, na jamaa zake walikaa zaidi ya miaka ishirini bila kujua. Mwaka 2023 ndipo warithi wake walipofikia mapatano na kampuni moja waliyoishtaki. Chama cha wafanya kazi hakihitaji kuelezwa maana ya kutumia mali ya mtu bila kumlipa.

Lakini sikilizeni yaliyomo ndani ya seli hizo. Zina kirusi cha HPV namba 18. Jeni lao la p53 ni zima, halina kosa. Na p53 yenyewe karibu haionekani, maana inavunjwa mara itengenezwapo. Mwaka 2000 wataalamu wawili wa Marekani walifanya jambo. Walizizima E6 na E7 ndani ya seli za HeLa. Mkumbuke kwamba seli hizo zilikuwa zimegawanyika kwa karibu miaka hamsini bila kupumzika. Mara E6 na E7 zilipozimwa, p53 ilirudi, Rb ilirudi, na seli zile zikasimama.

Ndugu zangu, miaka hamsini! Gadi hakuwa amekufa. Alikuwa anatengenezwa kila dakika na kuibwa kila dakika. Nilipoyasoma hayo nilimfikiria dada yangu. Mwili wake haukuwa umelaaniwa, wala haukuwa mvivu. Ulitengeneza breki mpaka siku ya mwisho. Msiseme tena kwamba kansa ni malipo ya dhambi. Ni breki iliyoondolewa.

KOSA LANGU

Niliahidi moyoni mwangu kwamba nikisimama hapa nitasema pia kosa langu.

Tangu mwaka 2006 kuna chanjo ya HPV. Mwaka 2019 Serikali ya Kenya ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 10 bila malipo. Binti yangu alipotimiza umri huo, alileta karatasi kutoka shuleni. Mimi nilikuwa nimesikia katika matatu na katika kantini kwamba sindano ile hufunga kizazi. Nikaandika "Sikubali" nikatia sahihi. Sikumwuliza mtu. Mimi ambaye sikubali behewa liondoke kwa maneno ya kusikia, nilimfungia mtoto wangu kinga kwa maneno ya kusikia. Wakati ule dada yangu alikuwa amekwisha kuanza kutokwa na damu, wala sikujua.

Sasa nimejua chanjo hiyo ni nini. Nayo ni protini. Kirusi kina ganda la nje, na wataalamu hutengeneza protini ya ganda lile peke yake, nayo hujikunja ikawa kama ganda tupu. Ndani hamna kitu: hamna E6, hamna E7, hamna jeni la kirusi hata moja. Haiwezi kumwambukiza mtu. Mwili huona ganda, hujifunza sura ya mwizi, na siku mwizi wa kweli akija hukamatwa mlangoni. Ndiyo maana hupewa watoto, kabla hawajakutana na kirusi. Akisha kuingia, chanjo haimfukuzi. Katika nchi ya Sweden walifuata habari za wasichana na wanawake zaidi ya milioni moja na nusu. Mwaka 2020 walitoa hesabu: waliochanjwa kabla ya miaka 17 walipata kansa ya shingo ya kizazi pungufu kwa asilimia 88 kuliko wasiochanjwa. Wala chanjo hiyo haifungi kizazi. Kansa ndiyo inayofunga kizazi.

Binti yangu amekwisha kuchanjwa. Nilimpeleka mwenyewe kwa mkono.

WALIOPITA UMRI WA CHANJO

Na mama zetu, na wake zetu? Hapa kazi yetu ya reli ndiyo mfano mzuri kuliko wote. Kwa nini nagonga magurudumu? Hatungoji behewa lianguke Mtito Andei ndipo tulikague. Tunatafuta ufa mdogo wakati gurudumu bado linazunguka vizuri.

Kirusi hiki hakileti kansa kwa siku moja. Watu karibu wote waliojuana kimwili hukipata wakati fulani, na miili ya walio wengi hukifukuza katika muda wa miaka miwili hivi. Kikibaki, huchukua kwa kawaida miaka 15 mpaka 20 kugeuka kansa. Kwa mwanamke ambaye kinga yake imepungua ni miaka 5 mpaka 10, na mwenye virusi vya Ukimwi asiyetibiwa yumo katika hatari hiyo. Miaka yote hiyo ni nafasi ya kuuona ufa. Kipimo kimoja ni cha siki: muuguzi hupaka siki nyepesi kwenye shingo ya kizazi, na mahali penye kasoro hugeuka peupe. Kipimo kingine hutafuta kirusi chenyewe. Mahali penye kasoro huweza kuunguzwa au kugandishwa kwa baridi, mara nyingine siku ile ile, na mama akarudi nyumbani kwa miguu yake. Mwongozo wa afya wa Kenya huwataka wanawake wa miaka 25 mpaka 49 wapimwe hata kama hawaumwi, na mwenye virusi vya Ukimwi apimwe mara nyingi zaidi. Na mwanamke wa umri wo wote anayetokwa na damu isiyo ya kawaida asingoje.

Nasi wanaume tusijifanye watazamaji. Kirusi hiki nasi pia tunakibeba na kukileta, tena nasi hutupa kansa ya koo na ya uume. Mwanamume anayemkataza mkewe kwenda kupimwa, au anayemwuliza "Umetoka wapi na ugonjwa huo," huyo ndiye anayemsaidia mwizi wa chaki.

AZIMIO

Kansa hii inaua zaidi ya wanawake 3,000 kila mwaka katika Kenya. Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naomba tawi lipige kura juu ya mambo matatu.

La kwanza: kila mwanachama mwenye binti wa umri wa chanjo amwulize mwalimu au muuguzi, amchanje, na mwenye maswali amlete muuguzi hapa mkutanoni tumsikie, wala tusisikilize kantini.

La pili: kamati iwaombe wakubwa wa kazi nusu siku yenye malipo, mara moja kwa mwaka, kwa wanachama wanawake wanaokwenda kupimwa, na kwa mume anayempeleka mkewe. Behewa lina siku yake ya kukaguliwa, nayo huandikwa. Haifai mfanya kazi awe chini ya behewa.

La tatu: sehemu ndogo ya mfuko wa mazishi itolewe iwe nauli ya kwenda kupimwa kwa wale wasioweza. Nauli ya kwenda zahanati ni ndogo kuliko bei ya sanduku.

Najua jambo la tatu litawaudhi baadhi ya wazee, kwa maana mfuko ule ni heshima ya marehemu. Nami nauheshimu, maana ulimzika dada yangu, na nawashukuru nyote mliochanga. Lakini kama angeweza kusimama hapa, nadhani angesema angependa nauli.

Nimekwisha.

(Azimio la kwanza na la tatu yalipitishwa baada ya majadiliano. La pili limepelekwa mbele ya kamati. — Mhariri)